Je, wajua kwa nini hospitali zinaiga kiwanda cha magari ili kupunguza foleni?

Ukikaa asubuhi nzima kwenye benchi la wagonjwa wa nje, wa kwanza kulaumiwa ni daktari. Lakini jaribu kutazama saa. Mara nyingi yeye anakuona kwa dakika chache tu. Muda mwingine wote unaliwa na faili linalotafutwa, foleni ya keshia, majibu ya maabara, na kurudishwa dirisha lile lile kwa sababu fomu ya bima haikugongwa muhuri.

Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni fupi: idadi ya watu waliomo ndani ni wanaoingia kwa saa, mara saa anazokaa kila mmoja. Tuseme wagonjwa 30 wanaingia kila saa na kila mmoja anakaa saa 4. Ndani mna watu 120. Ondoa saa moja ya kuzungushwa, wanabaki 90, na hujaajiri mtu wala kujenga chumba.

Kuisaka saa hiyo ndiyo kazi ya Kaizen, utaratibu wa kuboresha kazi kidogo kidogo bila kukoma, uliokomaa kwenye viwanda vya Japani, hasa Toyota. Msingi wake ni S tano, ambazo Tanzania zinajulikana kama Sasambua (ondoa visivyohitajika), Seti (panga kila kitu mahali pake), Safisha, Sanifisha (wote wafuate utaratibu mmoja) na Shikilia (usiuache). Kwetu haukuja moja kwa moja kutoka kiwandani. Ulipitia Sri Lanka, katika hospitali ya wanawake ya Castle Street jijini Colombo, iliyouanza mwaka 2000 chini ya Dk. Wimal Karandagoda. Mwaka 2007, kwa msaada wa JICA, shirika la maendeleo la Japani, Hospitali ya Rufaa Mbeya ikawa ya majaribio, kisha nyingine zikafuata.

Mbinu zenyewe ni za bei rahisi ajabu. Ofisini, mafaili ya boksi hupangwa kwa namba, halafu migongoni mwake hubandikwa utepe wa rangi unaoshuka mshazari kutoka faili la kwanza hadi la mwisho. Likitolewa moja, mstari unakatika. Likirudishwa pasipo pake, mstari unavunjika palepale, na karani analiona kosa akiwa bado mlangoni, kabla mgonjwa hajaanza kusubiri.

Kinachosumbua, kwa maoni yangu, ni S ya kwanza, Sasambua. Mali ya serikali haitupwi hivi hivi. Kitanda kilichovunjika au kompyuta iliyokufa lazima vipite taratibu za kufutwa kwenye daftari la mali. Wakati vibali vinasubiriwa, chumba ambacho kingekuwa dirisha la pili la malipo kinabaki stoo ya vyuma chakavu. Basi wengine hurukia yaliyo mepesi: rangi sakafuni, vibandiko milangoni, hasa wakisikia wakaguzi wanakuja. Korido inapendeza, na mgonjwa bado anazungushwa madirisha yale yale matano.