Presha ya Asubuhi na ya Jioni: Ipi ya Kweli?

Mimi ni mama mboga hapa Kondele, Kisumu. Asubuhi presha yangu ilikuwa 152/94, na jioni nilipofunga kibanda ikawa 134/82. Mashine imeharibika?

Huenda ni nzima kabisa, mama. Presha haitulii mahali pamoja, na vipimo vyote viwili vinaweza kuwa vya kweli. Mwili una saa yake: kabla hujafumbua macho, homoni kama kortiso na adrenalini huanza kuongezeka, mishipa hubana, moyo hupiga kwa nguvu zaidi. Presha hupanda unapoamka, hubaki juu mchana, halafu huteremka jioni. Usingizini ndipo hufika chini kabisa. Kwa watu wengi hupungua kwa asilimia 10 hadi 20 kuliko ya mchana.

Lakini ile ya asubuhi usiipuuze. Ukijipimia nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi unahitaji kuonwa na daktari. Na kama tayari unameza dawa, presha ya alfajiri inaweza kuonyesha kwamba nguvu ya dozi ya jana iliisha kabla ya asubuhi.

Na kama haishuki usiku?

Hapo ndipo penye wasiwasi, na ndipo wengi wetu hatupaangalii kwa sababu hakuna anayejipima akiwa amelala. Presha isiyoshuka usiku huongeza hatari ya kiharusi na maradhi ya moyo na figo. Huonekana sana kwa wenye kisukari, wenye ugonjwa wa figo, na wanaokoroma huku pumzi ikikatika katika usingizi. Chumvi nayo imo: kwa watu ambao miili yao huathirika nayo haraka, chumvi nyingi huzuia ule mteremko wa usiku. Tena sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha, haitoki kwenye kikopo cha chumvi peke yake. Magadi tunayotia kwenye mrenda ili ulainike yana sodiamu, hata kama ulimi hausemi "chumvi". Daktari akishuku tatizo hili, anaweza kukufunga mashine inayopima yenyewe kwa saa 24.

Mimi ni askari wa usiku Nakuru. Asubuhi yangu ni ipi?

Ni pale unapoamka kutoka usingizi wako mrefu, hata ikiwa ni saa tisa alasiri. Jipime wakati huo, kisha tena kabla ya kulala, na umwambie daktari kwamba unakesha. Baridi ya usiku wa Nakuru pia hubana mishipa na kupandisha presha, kwa hiyo usijipime ukiwa bado unatetemeka langoni.

Nijipime vipi basi?

Nenda haja ndogo kwanza, maana kibofu kilichojaa hupandisha presha. Chai, kahawa na sigara ziwe zimepita nusu saa. Keti dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kuipishanisha, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Usizungumze; umbea wa jirani usubiri. Pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa wiki nzima, ukiandika kila kipimo. Mwenye mkono mnene atafute mashine yenye mkanda mpana wa kufunga mkononi, kwani mdogo humpa presha isiyo yake.

Jioni ikiwa nzuri, niruke dawa?

La. Mara nyingi ni nzuri kwa sababu ulimeza dawa. Kuhusu saa ya kumeza, utafiti wa Uingereza wa mwaka 2022 uliohusisha watu zaidi ya 21,000 haukuona tofauti kati ya asubuhi na jioni katika kuzuia mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo. Chagua saa ambayo hutaisahau.

Lini nikimbie hospitali?

Ikifika 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, ulimi kuwa mzito, macho kufifia au upande mmoja wa mwili kulegea, nenda mara moja, usiku au mchana. Ikifika hapo bila dalili yoyote, tulia, pima tena baada ya dakika chache. Ikibaki juu, mwone daktari siku hiyo hiyo.