Sensa ya piezo haizuii mtetemo

Kuna maneno yanayozunguka sana kwenye magereji ya Ndeeba, Kampala, na kwenye viwanda vya njia ya kwenda Jinja: "Funga piezo, mtetemo utaisha." Nilikuwa nikiyaacha yapite, mpaka juzi nikayakuta yamechapwa kwenye karatasi ya bei ya muuzaji: "sensa ya kuzuia mtetemo." Hapana, ssebo. Sensa haizuii kitu, inahisi tu.

Piezo ni tabia ya baadhi ya fuwele na seramiki. Ukizibana zinatoa chaji ya umeme (umeme kwa herufi ndogo, Waganda wenzangu, si ile kampuni), na ukizipa volti zinarefuka au kufupika kidogo. Jina limetokana na neno la Kigiriki la kubana. Kitufe kinachorusha cheche kwenye majiko mengi ya gesi kinafanya kazi hivyo. Maana yenyewe imeishia hapo.

Sasa tuje kwenye kinachonikera. Mwaka 1880, ndugu wawili wa Paris, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba fuwele kama kwatzi na turmalini, na hata sukari ya miwa, zikibanwa zinatoa chaji. Upande wa pili, wa volti kugeuka kuwa mwendo, hawakuutaja. Gabriel Lippmann ndiye aliyepiga hesabu mwaka 1881 akasema lazima nao uwepo, ndipo akina Curie wakarudi kuupima na kuukuta. Kwa hiyo tangu wakati huo tuna mambo mawili, na kila moja lina kazi yake. Kipande kinachobanwa kikatoa habari ni sensa. Kipande kinachopewa volti kikasukuma ni aktueta. Vinaweza kukatwa kutoka bamba moja la seramiki, usiweze kuvitofautisha kwa macho, lakini kimoja kinasikia na kingine kinatenda.

Chukua noki sensa iliyofungwa kwenye bloku ya injini. Ndani yake mna piezo. Inasikia mafuta yanapolipuka vibaya ndani ya silinda, inaiarifu kompyuta ya gari, na kompyuta ndiyo inayochelewesha cheche. Sensa hiyo ikifa, kwa kawaida kompyuta huchelewesha cheche kwa tahadhari na gari likakosa nguvu mlimani. Injini inayotikisa kiti cha dereva ni habari nyingine kabisa. Anza na maunti zake, yaani vishikizo vinavyoibeba injini.

Mtetemo unaodhibitiwa kweli kwa piezo unahitaji mzunguko mzima. Bamba jembamba la alumini linatetemeka, na vipande viwili vya seramiki vimegandishwa juu yake kwa gundi ngumu. Cha kwanza kinatoa chaji kila bamba linapopinda. Amplifaya inaikuza ishara hiyo, kidhibiti kinapiga hesabu, amplifaya nyingine inapandisha volti, mara nyingi hadi mamia, na kipande cha pili kinasukuma. Wakati wa kusukuma ndio wenye kazi. Ukisukuma kinyume na kasi ya bamba, unalinyang'anya nishati na linatulia. Ukichelewa kiasi cha kujikuta unasukuma kufuata kasi hiyo, unalilisha nishati, na mtetemo unakua badala ya kupungua. Vifaa ni vilevile, seramiki ni ileile, ila hesabu imekosewa.

Atatokea mjuzi aseme kuna mtindo usiohitaji kidhibiti, kwamba unaunganisha kipande cha piezo na rezista tu na mtetemo unapungua. Ni kweli. Chaji inapita kwenye rezista, nishati inageuka joto. Lakini hata hapo usiiite sensa, kwa sababu hakuna kinachosomwa.

Tena nguvu ya piezo ina mpaka. Seramiki hizi hurefuka kwa takriban asilimia 0.1 tu zikipewa volti nyingi, yaani kipande cha sentimita 5 hakivuki sana milimita 0.05. Hiyo inatosha kwa vitu vyembamba: paneli za satelaiti, au mapezi ya mkia wa ndege ya kivita F/A-18, ambako aktueta hizi zilifanyiwa majaribio. Daraja jipya la Nile pale Jinja, lenye urefu wa mita 525, halitatulizwa na vibandiko vya seramiki. Kulisikiliza, hilo sensa za piezo zinaweza.

Hata kusikiliza kwenyewe kuna mipaka. Mzigo uliotulia sensa ya piezo haiusomi vizuri, kwa sababu chaji huvuja taratibu na ishara inarudi sifuri ilhali uzito bado upo. Ndiyo maana tepe za piezo hulazwa chini ya lami kupima ekseli za malori yanayopita, lakini lori likisimama juu ya mizani, kwa kawaida hupimwa kwa geji za mkazo, ambazo si piezo.

Basi muuzaji wetu aandike "sensa ya mtetemo, aina ya piezo." Kama anauza mfumo wa kutuliza, bei ya aktueta, kidhibiti na amplifaya aziweke kila moja kwenye mstari wake. Na kama anauza sensa peke yake, si vibaya, ni kifaa kizuri: ikifungwa kwenye mota ya kiwandani itamwonyesha mteja kwamba beringi imeanza kuchoka. Kuibadilisha beringi amwite fundi.