Epidamolisisi bulosa: kwa nini daktari wa ngozi peke yake hatoshi

Ukitaja ugonjwa wa ngozi, watu wengi huwaza daktari mmoja na tyubu ya dawa ya kupaka. Mimi ni daktari wa ngozi, na kwa magonjwa mengi ninayoyaona hilo linatosha kabisa. Kwa epidamolisisi bulosa, ambayo sisi tunaoitibu tumezoea kuiita EB tu, halitoshi. Mgonjwa huyu ukimgusa upande mmoja, matokeo yanajitokeza upande mwingine, na mara nyingi anayeyaona huko si yule aliyeyaanzisha.

Nianze na ngozi yenyewe. Ina tabaka la juu na tabaka la chini, na kuna protini zinazoyashikiza pamoja. Aliyezaliwa na EB ana hitilafu kwenye jeni ya mojawapo ya protini hizo. Hitilafu ikiwa kwenye keratini ya 5 au ya 14, ngozi huachana ndani ya tabaka la juu. Hiyo ni EB simpleksi, na vidonda vyake kwa kawaida hupona bila kovu. Ikiwa kwenye laminini 332, huachana mpakani, kati ya matabaka hayo mawili. Ikiwa kwenye kolajeni ya 7, huachana chini zaidi na kuacha makovu. Hiyo ndiyo EB distrofiki, na hiyo ndiyo nitakayoizungumzia zaidi hapa. Kuna na aina ya Kindler, adimu kuliko zote.

Haiambukizi. Nalisema kwa sababu bado kuna watoto wanaokaa peke yao darasani.

Mshono wa nguo, lebo ya shingoni, au mikono ya mtu anayemwinua mtoto kwa kumshika makwapani vinatosha kuivua ngozi. Kubonyeza moja kwa moja hakudhuru sana. Kinachodhuru ni kuvuta na kusugua. Ukilielewa hilo moja, nusu ya mambo tunayoyafanya yatakuingia akilini bila maelezo.

Moyo wa matibabu ni kufunga vidonda, kazi inayoweza kula saa kadhaa na kurudiwa kila siku au baada ya siku moja moja. Muuguzi ndiye bingwa hapa. Mimi nikiwa chumbani huwa msaidizi. Dawa ya maumivu hutolewa mapema, ili iwe imeshakolea bandeji ya kwanza inapofunguliwa. Kumpa mtoto dawa akiwa ameshaanza kulia ni kuchelewa. Maji matupu huchoma kidonda kibichi, kwa hiyo tunatia chumvi gramu 9 kwa kila lita, yakaribiane na chumvi ya mwilini, na mtoto aliyekuwa akiogopa beseni huanza kukubali kukaa ndani yake. Hatumfungui mwili mzima kwa mara moja: mguu mmoja, unasafishwa, unafungwa, ndipo tunahamia mwingine. Hivyo hapati baridi, na hewa haivipigi vidonda vyote kwa pamoja.

Lengelenge jipya hutobolewa. Wazazi wengi hushtuka kusikia hivyo, maana wamefundishwa kutoyagusa. Lakini lengelenge la EB halikomi lenyewe. Maji yaliyomo yanaendelea kuisukuma ngozi ya pembeni hadi ukubwa wa shilingi ugeuke kiganja. Sindano safi inapita sehemu ya chini kabisa, maji yanatoka, na ngozi ya juu inaachwa palepale ifunike. Juu yake bandeji ya silikoni isiyonata. Plasta ya kawaida haiingii chumba hiki.

Mwanasaikolojia ndiye aliyetuwekea kanuni kwamba mtoto ana haki ya kusimamisha kazi. Akisema, "Sista, ngoja kwanza," mikono yote inaachia, tunahesabu naye, kisha tunaendelea. Wapo wenzetu wanaoona ni kumdekeza. Mimi naona kwamba mtoto anayejua anaweza kusimamisha, husimamisha mara chache kuliko mnavyoogopa.

Sasa nieleze mnyororo mmoja, kwa sababu ndio unaonionyesha kwa nini tunahitajiana. Vidonda vinavuja damu na protini kila siku, hivyo mtoto ana upungufu wa damu. Daktari wa damu anaandika dawa ya madini ya chuma. Daktari wa maumivu, kwa nia njema vilevile, anaongeza mofini. Zote mbili zinafanya choo kiwe kigumu. Kwa mtoto mwingine hilo ni kero. Kwa huyu, ngozi ya njia ya haja kubwa inachanika, na kesho anabana choo kwa hofu ya maumivu. Anayebana choo hana hamu ya kula. Asiyekula hapati protini ya kuponyesha vidonda, na damu inazidi kushuka. Kisha mimi naona vidonda havifungi, naanza kubadilisha bandeji za bei kubwa bila faida yoyote. Anayegundua kilichotokea ni mtaalamu wa lishe, tena kwa swali ambalo hakuna daktari aliyeliuliza: mara ya mwisho ulienda chooni lini? Tangu hapo kwetu dawa ya kulainisha choo huanza siku ileile na mofini, na madini ya chuma yakisumbua sana hutolewa kwa mshipa.

Kinywa na umio navyo vina utando unaochubuka. Makovu hubana umio hadi chakula kigumu kisipite, na hapo mtaalamu huupanua kwa puto linalojazwa taratibu ndani. Kazi hii hurudiwa. Kinywa nacho hupungua uwazi mwaka hadi mwaka, kwa hiyo daktari wa meno anataka kuwahi.

Kila nusu kaputi kwa mgonjwa wa EB ni hatari ya ziada, basi tunajitahidi kufunganisha kazi. Siku ya kupanua umio, daktari wa meno anangoja zamu yake, damu inachukuliwa, na mimi nakagua mgongo ambao akiwa macho haniruhusu kuutazama vizuri. Mtu muhimu kuliko sote siku hiyo ni daktari wa usingizi. Macho hafungi kwa plasta, anapaka mafuta. Chini ya mkanda wa kupimia presha anaweka pamba nene. Mpira wa hewa anaufunga kwa utepe laini. Kingo za barakoa zimepakwa mafuta, na vidole vyake havigandamizi kidevu kwa mazoea. Mgonjwa hasukumwi kutoka kitanda hadi kitanda, ananyanyuliwa.

Kuhusu mikono nina msimamo. Katika EB distrofiki kali, makovu huunganisha vidole mpaka mkono unakuwa ngumi. Mpasuaji anaweza kuvitenganisha, lakini vinarudi kuungana. Kama mtaalamu wa tiba ya mikono hajaandaa vigango vya kuvaa usiku, na familia haijafundishwa kufunga kila kidole peke yake, mimi husema upasuaji usubiri.

Huulizwa sana kuhusu tiba ya jeni. Mwaka 2015 huko Bochum, Ujerumani, mvulana wa miaka saba aliyekuwa amepoteza sehemu kubwa ya ngozi yake alipandikizwa ngozi iliyooteshwa kutoka seli zake mwenyewe baada ya jeni kurekebishwa na kundi la Michele De Luca wa Modena. Ilifunika karibu asilimia 80 ya mwili, na taarifa yake ilichapishwa 2017. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha jeli inayopakwa mara moja kwa wiki, ambayo hutumia kirusi cha herpesi kilichodhoofishwa kupeleka jeni ya kolajeni ya 7 kwenye kidonda. Ni hatua kubwa sana. Ila jeli hiyo haifiki kwenye umio, wala haifungui vidole vilivyokwisha kuungana.

Wagonjwa wa aina kali ya distrofiki wanapokaribia ujana, tunaanza kutafuta saratani ya ngozi, kwa sababu kwa watu wazima wa kundi hili ndiyo inayoongoza kwa kuua. Tunakagua mwili mzima kila baada ya miezi mitatu hadi sita, tukitumia siku ya kufunga vidonda ili asifunguliwe mara mbili. Kidonda kisichofunga, kinachoota nyama kingoni au kinachouma tofauti na vingine, nakata kipande na kukipeleka maabara, ingawa ni kumwongezea kidonda. Mara nyingi mwenye mwili ndiye anayekuwa wa kwanza kukishuku. Na daktari wa tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, hatumwiti siku hiyo. Amekuwa mezani tangu mwanzo, akishughulikia maumivu na muwasho, hivyo familia inamjua kwa jina kabla ya habari yoyote mbaya.