Skrini Yasema Mita 100, Stoo Ina Vipande: Kuhusu Oda za Kukatwa

Tangu wasambazaji wa vifaa vya ujenzi waanze kuacha daftari na kushika programu za biashara, malalamiko yanayotufikia sisi wakaguzi wa vipimo kuhusu bidhaa zinazokatwa kwa urefu anaotaka mteja yamebadilika sura. Zamani mteja alidai amepunjwa na muuzaji akakana. Siku hizi muuzaji anageuza skrini: "Mfumo unaonyesha tumetoa mita sita." Mfumo unaonyesha kilichoandikwa. Haujawahi kushika futi kamba.

Hatudhani wengi wana nia mbaya. Tatizo ni kwamba programu nyingi zilitengenezwa kwa bidhaa za kuhesabu: mifuko, makopo, maboksi. Ukiiambia iuze waya kwa mita, itajumlisha mita tu. Roli lenye mita 60 na jingine lenye 40 zinasomeka mita 100, mhudumu wa kaunta anaahidi mita 80 bila kiungo, na stoo hakuna kitu kama hicho. Nondo ni hadithi ileile. Ya mita 12 ukiikata vipande vinne vya mita 2.7, inabaki mita 1.2. Kata kumi za namna hiyo, na mfumo utakuambia kwa ujasiri kwamba unazo mita 12, yaani nondo nzima, ilhali pembeni kumelala vijiti kumi.

Kwa hiyo kila roli na kila baki la maana lipewe namba yake, urefu wake na mahali lilipo, na stika ibandikwe juu yake. Programu nyingi zina sehemu ya kufuatilia bidhaa kwa namba. Mara nyingi ipo, ila hakuna aliyeiwasha. Amueni pia urefu ambao chini yake kipande ni skrepa, kitoke kwenye hesabu siku hiyohiyo.

Halafu kuna msumeno. Mbao ya mita 6 haitoi vipande vitatu kamili vya mita 2. Msumeno unaokula milimita 3 kila unapopita, ukipita mara mbili, umekula milimita 6, na kipande cha mwisho ni milimita 1,994. Hakuna aliyeiba, zimekuwa vumbi. Lakini kama ankara inasema mita 2 mara tatu, mbele ya mkaguzi hiyo ni pungufu, na vumbi si utetezi. Kila mashine iandikwe kwenye mfumo na kiasi inachokula: diski inakula, mkasi wa nondo hauli. Programu za kupanga ukataji hufanya hesabu hii zenyewe. Wanaotuambia kwamba hayo ni mbwembwe za kisasa wajue mwanahisabati wa Kisovieti Leonid Kantorovich aliliandikia tatizo la kupanga ukataji ili baki liwe dogo mwaka 1939, na mwaka 1961 watafiti Gilmore na Gomory walitoa njia ya kulitatua ambayo bado inatumika.

Vipimo vya futi navyo vinatuchosha. Futi moja ni milimita 304.8, hivyo bati la futi 10 ni mita 3.048. Kaunta ikiandika "mita 3" kwa kufupisha, mteja amekosa milimita 48 kwa kila bati. Chagueni milimita, zote, kuanzia oda hadi risiti.

Sasa utaratibu, ambao tunaurudia kila ukaguzi. Oda iandikwe na urefu, idadi, upande wa kukata pale unapohusika, na nani analipia baki. Mteja aisome na kuikubali kabla msumeno haujawashwa. Kikishakatwa hakirudi, na kioo kilichoimarishwa kwa joto hakikatwi tena kabisa. Baada ya hapo oda ifungwe kwenye mfumo, isibadilishwe. Karatasi ya kukata ichapwe ikiwa na namba ya oda na namba ya kipande kinachokatwa. Fundi aingize urefu alioupima, si ule alioupata kwenye karatasi, maana hizo ni habari mbili tofauti. Kosa likitokea, lisifutwe: iandikwe marekebisho mapya yenye sababu, chini ya akaunti ya aliyeyafanya. Akaunti moja na neno la siri moja kwa kaunta nzima ni sawa na kutokuwa na kumbukumbu. Tumelisema hili hadi koo limekauka.

Katika nchi nyingi kutoa chini ya kipimo kilichotajwa ni kosa la kisheria, na kutumia kifaa cha kupimia kisichohakikiwa ni kosa jingine linalosimama peke yake. Matokeo huweza kuwa onyo, faini, kifaa kushikiliwa, au kesi. Viwango hutofautiana, hivyo someni sheria ya mahali penu. Makala hii haichukui nafasi yake.

Kuhusu futi kamba: tafuteni alama ya daraja la usahihi. Ya daraja la II ikipima mita 5 inaruhusiwa kukosea milimita 1.3, juu au chini. Na tafadhali, acheni kugonga kile kikono cha chuma mwanzoni mwake kwa sababu "kinalegea". Kimewekwa kicheze kwa makusudi, kiasi cha unene wake chenyewe, ili ukikivuta ukingoni au ukikisukuma ukutani upate jibu lilelile. Ukikigonga kikakaza, umeharibu kipimo, na kila oda itakayopita hapo itaingia kwenye mfumo ikiwa na kosa.

Mteja mwenye lalamiko alete risiti, nakala ya oda aliyoikubali, na kipande chenyewe au mahali kinapoweza kupimwa. Mwenye duka atatakiwa kutoa karatasi ya kukata na historia ya mabadiliko ya oda hiyo kutoka kwenye programu. Kipande kisiguswe hadi afisa akipime. Wengi hutuita wakiwa wameshakikata tena ili kitoshee, na hapo hatuna tena cha kupima.