Je, Waebrania ndio waliojenga piramidi za Giza?

Wengi wamekua wakisikia kwamba piramidi za Giza zilijengwa na Waebrania walipokuwa watumwa Misri. Inaeleweka: utumwa, Farao na ujenzi vimo katika simulizi moja.

Ila miaka haikutani. Piramidi hizo zilijengwa kati ya mwaka 2600 na 2500 KK hivi. Jina Israeli, kwa usomaji wa wataalamu wengi, linaonekana mara ya kwanza kwenye jiwe la maandishi la Misri la takriban 1208 KK, zaidi ya miaka elfu moja baadaye! Tena wachimbuaji wamepata Giza makazi ya wajenzi, yenye mahali pa kuokea mikate, na makaburi yao karibu na piramidi za wafalme. Walikuwa Wamisri, na kuzikwa pale ilikuwa heshima kubwa.

Unaweza kuhakiki mwenyewe. Linganisha tarehe kwanza, kisha fungua Kutoka 1:11: inataja Pithomu na Ramesesi, miji ya kuwekea akiba. Sura ya 5 inaeleza matofali na majani ya kuyatengenezea. Piramidi hazitajwi, na zile za Giza ni za mawe. Suala la utumwa wenyewe ni jingine; hoja hii hailifuti.