Kwa nini bibi anaikumbuka Liemba lakini hajui kama amekula?

Ujiji, saa nane mchana. Bibi katoka kunawa mkono sasa hivi, rangi ya mawese bado iko kwenye kucha, naye anauliza: "Leo hatuli?" Muulize sasa habari za safari yake ya kwanza ya meli ya Liemba kwenda Kasanga. Atakutajia kitenge alichovaa na nani alitapika njiani. Jirani atanong'ona kwamba karogwa. Wajukuu watasema anajifanyisha, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Ndani ya kichwa, usawa wa masikio, kila upande una kipande kilichopinda ambacho hata kidole cha mwisho kinakizidi. Kinaitwa hipokampasi, jina lililotokana na Kigiriki cha farasi wa baharini. Kazi yake ni kupokea habari mpya ili zihifadhiwe. Habari za Liemba zilishapita hapo miaka mingi, zimetulia kwenye sehemu nyingine za ubongo. Ugali wa leo ndio umekosa mpokeaji.

Katika Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu aliouelezea daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906, kipande hiki hunyauka mapema. Mzee yeyote hupoteza kidogo, kama asilimia 1 hadi 2 ya ukubwa wake kwa mwaka. Kwa mgonjwa ni 3 hadi 5. Kwenye picha ya MRI, mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili, ubongo huonekana kama karanga iliyokauka ndani ya ganda, ila hautikisiki: nafasi iliyoachwa hujaa maji. Wataalamu huupima unyaukaji huo kwa alama, 0 hadi 4. Presha ya muda mrefu nayo huacha madoa meupe, alama za mishipa midogo iliyoharibika.

Lakini picha peke yake haitoi hukumu. Wapo wazee ambao ubongo wao umesinyaa na bado wanakushinda kwenye bao. Basi ya nini kupiga?

Ni kwa sababu si kila usahaulifu ni Alzheimer. Mzee akijigonga kichwa, damu inaweza kuvuja taratibu kati ya fuvu na ubongo kwa wiki kadhaa, akaanza kuchanganyikiwa. Hapo CT scan, kipimo cha eksirei kilichotumika kwa mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, hutosha kuionyesha. Damu ikitolewa, akili inaweza kurudi. Ndiyo maana, kama bibi kabadilika ndani ya wiki chache tu, daktari atauliza kwanza: "Aliwahi kuanguka?" Na nyumbani watatazamana, mmoja akumbuke: "Mwezi uliopita, bafuni. Lakini alisema hakuumia."