Kifuta jasho na kifuta machozi: kwa nini si fidia

Mpenzi wa soka anajua bao la kufutia machozi: timu imefungwa manne, inapata moja dakika za mwisho, na matokeo yanabaki yale yale. Malipo ambayo Serikali ya Tanzania humpa mwananchi aliyeumizwa na wanyamapori yamebeba jina la aina hiyo, na jina halikukosewa. Kifuta jasho ni cha mali: mazao yaliyoliwa na tembo, ng'ombe aliyeuawa na simba. Kifuta machozi ni cha mtu aliyejeruhiwa au kuuawa.

Msingi wake ni Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 na kanuni zilizotungwa chini yake mwaka 2011. Fidia humrudishia mtu thamani ya alichopoteza. Kifuta jasho hakipimi thamani hiyo hata kidogo. Ni mkono wa pole wenye kiwango kilichopangwa mapema, uwe umelima ufuta au mtama, mwaka wa neema au wa njaa.

Kanuni za 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa kifo, 500,000 kwa ulemavu wa kudumu na 200,000 kwa jeraha la muda. Kwa mazao, kiwango kilitegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi: kilianzia shilingi 25,000 kwa ekari na kufika 100,000 kwa shamba lililo zaidi ya kilomita 5. Shamba lililo ndani ya mita 500 za mpaka halikulipwa. Ukomo ulikuwa ekari 5. Aliyepoteza 8 alihesabiwa 5. Viwango hubadilishwa kwa tangazo la Serikali, hivyo ulizia ofisi ya wanyamapori ya wilaya vinavyotumika sasa.

Piga hesabu. Tembo wamemaliza ekari 3 za mahindi kilomita 6 kutoka mpakani. Kwa viwango hivyo ni shilingi 300,000. Kama mwenye shamba angevuna gunia 10 kwa ekari, amelipwa shilingi 10,000 kwa gunia. Hakuna dalali wa mahindi anayethubutu kutaja bei hiyo. Na mwenye shamba la karibu, anayekesha na debe na tochi kila usiku, ndiye anayepata kidogo zaidi au kukosa kabisa, kwa hoja kwamba amelima mlangoni kwa mnyama. Hoja hiyo inaeleweka pale mtu alipoufuata mpaka. Pale mpaka ulipomkuta mtu, ni ngumu kuitetea.

Njia ya madai inaanzia kwa mtendaji wa kijiji, si hifadhini. Yeye humwita afisa wanyamapori wa wilaya, ambaye hufika shambani, mara nyingi pamoja na afisa ugani, kuthibitisha mnyama na kupima eneo. Fomu hupitia halmashauri hadi wizarani. Madai mengi hufia hapo mwanzo. Mvua ikinyesha kabla ya ukaguzi, nyayo zinafutika. Mkulima akipalilia upya au kulisha mifugo mabua yaliyobaki, ushahidi umekwenda. Toa taarifa siku ile ile, piga picha za nyayo na kinyesi pamoja na mazao yaliyovunjwa, na usiguse shamba. Pima mwenyewe sehemu iliyoharibiwa, maana hiyo ndiyo inayohesabiwa, si shamba zima. Ekari moja ni kama hatua 70 kwa 70. Kwa aliyejeruhiwa, tunza karatasi zote za hospitali.

Usipoteze nauli kwa madai ya nyani, tumbili au nguruwe pori. Kanuni zinahusu wanyama hatari kama tembo, nyati, kiboko, simba, chui na mamba, ingawa nyani ndiye anayeng'oa mahindi mwezi mzima. Mifugo iliyouawa ndani ya hifadhi hailipwi, wala mtu aliyedhuriwa akiwa kwenye ujangili.

Kenya walichagua neno fidia. Sheria yao ya mwaka 2013 inataja shilingi milioni 5 za Kenya kwa kifo na milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu. Kiasi kikubwa, lakini madeni yakalimbikizana na familia zikasubiri miaka. Tanzania kiwango ni kidogo, na kuchelewa kupo vilevile.

Ndiyo maana vijiji vya Bunda, Same au Tunduru, vinavyosumbuliwa na tembo, haviwezi kukitegemea kifuta jasho. Kamba ya katani iliyofungwa vitambaa vilivyopakwa pilipili ya unga na oili chafu huwazuia tembo, lakini mvua kubwa huiosha, na lazima ipakwe tena. Mizinga ya nyuki inayoning'inizwa kwenye waya kila mita 10 kuzunguka shamba nayo hufanya kazi: tembo akigusa waya, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Sharti mizinga iwe na nyuki. Kiangazi kikali kikiwahamisha kwa kukosa maua na maji, kilichobaki ni mbao zinazoning'inia, na tembo hachelewi kulijua hilo.